Maswali ya Wasomaji: Klabu ndogo ya michezo chuoni inatambuliwaje?

Mwezi huu tumechagua barua nne za wanafunzi wa Lubumbashi. Katika mji ambao timu ya mpira wa miguu ya TP Mazembe ilianza kucheza tangu 1939, anayeshika raketi au dira hupata kazi kubwa kueleza kwamba naye ni mwanamichezo. Tumejibu barua ya kwanza kwa urefu kwa sababu zile nyingine tatu zinaegemea hapo.

*

*Ndugu wahariri, salamu. Sisi ni wanafunzi 14, wasichana 5 na wavulana 9. Tangu mwaka jana tunacheza badmintoni kwenye uwanja wa basketi wa chuo chetu. Tumepeleka barua mbili kuomba klabu yetu itambuliwe na tupewe raketi, wavu na vinyoya (vile vinavyopigwa badala ya mpira). Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili tulijibiwa kwa mdomo kwamba pesa ya michezo ni ya mpira wa miguu na basketi. Halafu wenzetu wa basketi wanatuondoa uwanjani kila tukifunga wavu. Tufanye nini?*
*Wanachama 14, komini (sehemu ya mji) ya Kampemba*

Ndugu zetu, barua zenu ziliomba vitu viwili ambavyo havipiti mlango mmoja. Kutambuliwa ni sahihi ya mkubwa wa chuo. Raketi na wavu ni pesa, na pesa hupita kwa Administrateri wa Bajeti, mahali ambapo maombi ya idara zote hungojea zamu. Ukiviweka pamoja katika karatasi moja, sahihi ambayo ingepatikana kwa wiki mbili inafungwa kwenye foleni ya pesa ambayo labda haitafika mwaka huu.

Kwa hiyo rudini na barua isiyoomba hata franga moja. Ombeni vitu vitatu: jina la klabu liandikwe kwenye orodha ya vikundi vya chuo, saa maalumu za uwanja ziandikwe kwenye karatasi, na kabati moja yenye kufuli. Tunasisitiza saa za uwanja kuliko vyote. Klabu yenye saa mbili kwa wiki zilizoandikwa inaishi hata bila msaada mwingine. Klabu iliyopewa raketi kumi bila saa inakufa kabla raketi hazijakatika nyuzi.

Faili yenyewe iandikwe kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya ofisi, hata kama mazoezini mnasema Kiswahili. Ndani yake muweke kanuni za klabu zisizozidi kurasa nne: jina, lengo, nani anaweza kuwa mwanachama, kamati inachaguliwaje na kwa muda gani, kotizasio (mchango wa wanachama) ni kiasi gani na nani anatia sahihi pesa ikitoka, na vifaa vitakwenda kwa nani klabu ikivunjika. Hicho kipengele cha mwisho wengi hukisahau, na ndicho mtu wa ofisi hukitafuta, kwa sababu kinamwambia kwamba mali ya chuo haitaondoka na mtu. Ongezeni PV (karatasi ya kumbukumbu) ya mkutano wa kuanzisha klabu, yenye tarehe na sahihi za waliokuwepo. Kisha orodha ya wanachama: jina, namba ya matrikule (ya uandikishaji), fakulte, promosio (mwaka wa masomo aliomo) na sahihi. Muandike tu walioandikishwa mwaka huu wa masomo. Majina mawili ya watu waliokwisha kumaliza yanatosha kuirudisha faili nzima.

Mtahitaji mwalimu mlezi. Si lazima awe profesa. Asistanti au CT (mwalimu wa cheo kati ya asistanti na profesa) anayepatikana chuoni kila wiki ni bora kuliko profesa ambaye yuko safarini miezi mitatu. Atoe barua yake fupi ya kukubali, yenye sahihi yake mwenyewe. Kazi yake ni kujibu simu ofisi ikiuliza, na kuwa sahihi ya pili kwenye pesa.

Mwisho, weka nusu ukurasa juu ya usalama. Badmintoni inaumiza kifundo cha mguu, ukano wa kisigino na jicho. Andikeni hatua zenu: viatu vya soli bapa ya mpira (kiatu cha kukimbilia kina kisigino kirefu, mguu unapinduka mtu akikata upande), anayesimama mbele kwenye mchezo wa wawili asigeuke kumtazama mwenzake wa nyuma, kisanduku cha huduma ya kwanza kiwe pembeni ya uwanja, na jina la anayebeba simu ya kuita msaada. Ofisi nyingi haziombi karatasi hii. Ipelekeni hata hivyo, kwa sababu swali la kwanza la mkubwa yeyote anayefikiri kutia sahihi ni nani atalaumiwa mtu akivunjika mguu.

Barua iende kwa Rekta, yaani mkubwa wa chuo, na chini muandike nakala kwa Katibu Mkuu wa utawala, kwa ofisi inayoshughulikia maisha ya wanafunzi, na kwa uongozi wa wanafunzi. Kabla ya kuandika, ulizeni sekretariati nani anashika faili za michezo, maana vyuo havigawi kazi kwa namna moja. Pelekeni nakala mbili: moja inabaki, nyingine inarudi kwenu na muhuri, tarehe na namba ya kupokelewa, ile inayoitwa akize. Barua yenu ya kwanza huenda haikukataliwa na mtu. Isipokuwa na namba, hakuna anayeweza kuitafuta. Baada ya siku 15 nendeni watu wawili, mkiwa na akize mkononi, mkaulize namba fulani imefika meza gani. Kama imesimama kwa sababu kuna karatasi inayokosekana, mtaipeleka siku ileile.

Mtu anaweza kuwaambia mwanze kwanza kutafuta uhalali wa asosiasio kwenye Wizara ya Sheria. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ipo, na inahusu asosiasio zisizotafuta faida. Lakini klabu inayoishi chini ya paa la chuo, yenye wanafunzi wa chuo tu, kwa shughuli za ndani inatoshwa na uamuzi wa chuo. Njia ya wizara itawafaa siku mtakapotaka kupokea watu wa mjini au kuwa na mali kwa jina lenu.

Sasa uwanja. Msiende kwa wenzenu wa basketi kudai haki. Nendeni na hesabu. Uwanja wa basketi una mita 28 kwa 15. Uwanja wa badmintoni una mita 13.40 kwa 6.10. Mkivilaza kwa upana wa basketi, viwanja vitatu vinaingia, na bado kuna nafasi ya mita moja na nusu kati ya kimoja na kingine. Yaani muda wa dakika 90 asubuhi unawatosha watu 12 wakicheza kwa pamoja. Asubuhi hakuna anayetaka uwanja huo, na upepo bado umelala. Ombeni saa 12 hadi saa 1 na nusu, siku mbili kwa wiki, na wavu uwe umekunjwa dakika tano kabla. Karatasi hiyo itiwe sahihi na nyinyi, na timu ya basketi, na ofisi ya michezo. Katika Juni na Julai mtahisi baridi kweli, lakini upepo wa alasiri wakati wa kiangazi unaharibu mchezo zaidi kuliko baridi.

Mistari: uwanja mmoja kamili, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili, unakula karibu mita 100 za utepe wa sentimita 4. Roli tatu za mita 33 zinapungua kidogo, kwa hiyo nunueni nne. Ili pembe ziwe sawa, pimeni mshazari kutoka kona hadi kona: lazima upate mita 14.72 pande zote mbili. Wengi hawapimi, na baada ya mwezi wanashangaa kwa nini kinyoya cha upande mmoja kinatoka kila mara. Chagueni rangi isiyofanana na ya basketi, la sivyo wenzenu watakuja na kisu kuutoa.

Nguzo mnaweza kuchomelea kwa fundi. Bomba la chuma lenye urefu wa mita 1.55 kutoka sakafuni, limesimamishwa ndani ya tairi kuukuu lililojazwa zege. Tairi lenye zege la upana wa nusu mita na kina cha sentimita 12 lina uzito wa zaidi ya kilo 50, na halitavutwa na wavu. Nguzo isimame juu ya mstari wa pembeni wa wawili wawili, tairi likae upande wa nje. Katikati wavu ushuke hadi mita 1.524. Kama hamna kamba ya kuurekebisha, ni kosa dogo kwa mazoezi, lakini si kwa mashindano.

Jambo la Lubumbashi ambalo duka halitawaambia: tuko kama mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kinyoya kinaruka mbali kuliko pwani. Vinyoya vya nailoni vina utepe wa rangi shingoni: kijani ni cha polepole, bluu cha kati, nyekundu cha kasi. Nunueni kijani. Vya manyoya halisi vina namba. Ombeni 75, au 76 kama hiyo haipo. Klabu nyingi zinachukua bluu kwa sababu ndicho kilichopo, kinyoya kinatoka nyuma kila pigo, na wanaojifunza wanazoea kupiga kwa woga. Jaribio ni rahisi: mtu asimame juu ya mstari wa nyuma, apige kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu, sambamba na mstari wa pembeni. Kinyoya kizuri kinaanguka kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikipita hapo, ni cha kasi mno kwa mji wetu.

Manyoya halisi yanakauka wakati wa kiangazi na kuvunjika kama kijiti. Fungueni mrija ncha zote mbili, upitisheni juu ya mvuke wa birika kwa sekunde chache, ufungeni, ulale umesimama hadi kesho. Kwa mwaka wa kwanza lakini tungebaki na nailoni.

Mkishika daftari la mahudhurio kwa miezi sita, hapo ndipo mwandike barua ya pesa. Daftari hilo ndilo hoja yenu. Hesabu iwe ndogo na inayosomeka: semista ya wiki 15, mazoezi mawili kwa wiki, ni mara 30. Mkikadiria kinyoya kimoja cha nailoni kuharibika kila mara, ni vinyoya 30, mirija mitano ya sita sita. Nyavu tatu, jozi tatu za nguzo, raketi nane za klabu kwa wasio na zao, nyuzi za kubadilisha. Ambatanisheni proforma (karatasi za bei kabla ya kununua) tatu kutoka maduka matatu tofauti. Kama mzigo unatoka ng'ambo kupitia mpaka wa Kasumbalesa, gharama ya ushuru iandikwe mstari wake peke yake. Msiifiche ndani ya bei ya raketi, kwa sababu mkaguzi atalinganisha bei na duka lingine na atadhani mmeongeza.

Msisahau hoja moja zaidi. Badmintoni iko kwenye Olimpiki tangu 1992, na ilichezwa kwenye Michezo ya Vyuo Vikuu ya Dunia ya Chengdu mwaka 2023 na ya Rhine-Ruhr mwaka 2025. Mtu anayewaambia kwamba ni mchezo wa kupitisha wakati, mwonyesheni hilo kwa heshima. Shirikisho la dunia, BWF, lina mafunzo ya bure kwa walimu yanayoitwa Shuttle Time, yapo pia kwa Kifaransa. Mwalimu mlezi wenu ayapakue, hata kama hajawahi kushika raketi.

*

*Wahariri, mimi ni mwanafunzi wa jiografia. Nataka kuanzisha mchezo wa kutafuta vituo kwa ramani na dira ndani ya eneo la chuo. Vifaa ni vichache, lakini nasikia kuchora ramani kunaweza kuniletea shida. Ni kweli?*
*Mwanafunzi wa L2 (mwaka wa pili), komini ya Katuba*

Ndugu yetu, usianze kuchora kabla ya ruhusa. Mtu anayetembea na daftari akipima hatua kati ya majengo na kuandika milango anatiliwa shaka na walinzi, na wana sababu. Barua yako itaje eneo kwa mipaka yake, siku utakazopima, majina ya watakaokuwa nawe, na kwamba hakuna droni. Tembea na nakala ya ruhusa yenye muhuri kila siku ya kupima. Sehemu ambazo ofisi haitaki zichorwe, zipake rangi ya marufuku kwenye ramani, na wachezaji wasipite hapo.

Kwa eneo la majengo, ramani ya mbio fupi ni ya kipimo cha 1:4000: sentimita moja ni mita 40. Programu ya bure ya OpenOrienteering Mapper inatosha kabisa. Kosa la wanaoanza, hasa wanajiografia, ni kuchora kila kitu. Mkimbiaji anahitaji kujua wapi anapita na wapi hapiti: ukuta, uzio, ngazi, mtaro wa maji, kichaka kizito. Mti mmoja kati ya miti hamsini haumsaidii. Mistari ya kaskazini iwe ya sumaku, maana dira haijui kaskazini nyingine.

Bendera za vituo ni miraba mitatu ya sentimita 30 kwa 30 iliyoshonwa pamoja kama prizma, kila mraba nusu nyeupe nusu rangi ya chungwa, umekatwa kwa mshazari. Kwa bendera 15, nunua mita 2 za kila rangi, kitambaa cha upana wa mita 1.5. Utabaki na kipande cha kurekebisha. Badala ya mashine ya elektroniki, funga kalamu ya rangi tofauti kwenye kila kituo, mchezaji aweke alama kwenye kadi yake.

Sheria mbili zisivunjwe. Kila anayeondoka anaandikwa saa ya kuondoka na kila anayerudi anafutwa, hata aliyeacha njiani, ili usitafute usiku mtu ambaye yuko nyumbani analala. Na kati ya Novemba na Machi, ukisikia ngurumo, piga filimbi na uwaite wote. Msianze tena kabla ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mvua yenyewe mnaweza kuvumilia, lakini si radi.

*

*Sisi ni ping-pong, tuko watu 8. Kuna wenzetu wa badmintoni kama 10 na wa tenisi 5. Kila mmoja anaomba peke yake na kila mmoja anakataliwa kwamba ni wachache. Tuungane? Wengine wanaogopa kumezwa.*
*Katibu, komini ya Ruashi*

Unganeni, lakini kwa karatasi iliyoandikwa vizuri. Klabu moja ya raketi, yenye sehemu tatu. Faili moja, mwalimu mlezi mmoja, wanachama 23 mbele ya ofisi. Ndani, kila sehemu ichague mkuu wake, na kamati kuu iwe na kiti kimoja kwa kila sehemu bila kujali wingi wa watu. Hiki ndicho kinga dhidi ya kumezwa. Orodha ya vifaa igawanywe mara tatu: meza ya ping-pong isihesabiwe pamoja na wavu wa tenisi. Kotizasio iingie mfuko mmoja, lakini andikeni kabisa kwamba, kwa mfano, nusu inarudi kwenye sehemu iliyolipa na nusu inabaki kwa gharama za wote. Ugomvi wa klabu za namna hii huanzia karibu kila mara kwenye pesa ya tenisi, kwa sababu mpira na nyuzi zake ni ghali kuliko za wengine. Amueni hilo siku ya kwanza.

Tenisi wakikua wakafika watu 15 na kutaka kujitenga, kanuni ziwaruhusu kuondoka na vifaa vyao baada ya kulipa deni lao. Watakaa kwa amani zaidi wakijua mlango uko wazi.

*

*Mimi ni dada wa komini ya Kenya, niko L3 (mwaka wa tatu), na ni mwenyekiti wa klabu yetu ya frisbi. Nitamaliza mwaka huu. Pesa ya klabu iko kwenye Airtel Money yangu na diski ziko nyumbani kwetu. Nimpe nani?*

Dada yetu, asante kwa kuuliza mapema. Anza miezi mitatu kabla ya kumaliza. Itisheni mkutano wa kuchagua kamati mpya wakati bado upo, mwenyekiti mpya afanye kazi nawe ubavuni kwa wiki sita. Chagueni angalau mtu mmoja wa L1, maana kamati yote ya promosio moja inaondoka siku moja.

Pesa itoke kwenye simu yako mbele ya watu watatu, wa kwanza mweka hazina mpya, wa pili mwalimu mlezi, wa tatu mwanachama asiye wa kamati. Piga picha ya salio, andika PV ya nusu ukurasa, na nyote mtie sahihi. Baada ya hapo pesa isirudi kwenye simu ya mtu mmoja. Kama akaunti ya chuo haiwezekani, laini iandikishwe kwa mweka hazina, lakini namba ya siri igawanywe nusu kwa nusu na mwalimu mlezi, kila kutoa pesa kufanywe wakiwa wawili.

Diski za gramu 175 zihesabiwe moja moja. Zilizopasuka ukingoni ziandikwe kwamba zimetoka, zisikae kwenye orodha, kwa sababu diski yenye ufa inakata vidole na pia inadanganya hesabu. Zitoke nyumbani kwenu zipelekwe kwenye kabati ya chuo. Kama kabati haipo, hiyo ndiyo barua ya kwanza ya mwenyekiti mpya, na sahihi yako iwe pale pamoja na yake. Kama kuna mwaliko wowote uliokwisha kuandikwa kwa jina lako, andika barua fupi kwa ofisi ya michezo kusema nani anakufuata, upate akize, na umpe yeye hiyo akize pamoja na daftari la mahudhurio.